Gasketi ya Cometic na stadi za ARP kwenye 2JZ ya mbio za dragi: tathmini ya fundi

Mwenye gari anayetaka injini yake ya Toyota 2JZ-GTE itoe nguvu mara tatu au nne ya ile iliyotoka nayo kiwandani kwa kawaida hujishughulisha kwanza na ukubwa wa turbo, pampu za mafuta na kompyuta ya injini, na gasketi ya silinda hedi, yaani kiziba kinachokaa kati ya hedi na bloku, huikumbuka mwishoni, fedha zikiwa zimeshapungua. Mpangilio huo ungefaa kugeuzwa. Katika mbio za dragi, ambamo gari hukimbia mita 402 kwa sekunde chache huku turbo ikisukuma hewa kwa shinikizo la bar 2, 3 au zaidi, sehemu inayoamua kama injini itarudi mstarini kwa raundi inayofuata ni pale hedi ya alumini inapokutana na bloku ya chuma. Tathmini hii inahusu bidhaa mbili ninazozitumia pamoja katika kuziba sehemu hiyo: gasketi ya chuma ya matabaka ya Cometic, yenye tundu la milimita 87 na unene wa takriban milimita 1.3, na seti ya stadi za ARP za hedi, yaani nondo zenye hesi zinazoibana hedi kwenye bloku kwa nati. Zote zilinunuliwa kwa bei ya dukani na kufungwa kwenye injini za wateja wetu hapa Muscat, ambao wengi wao huzipeleka gari zao kukimbia Sakhir, Bahrain, na Yas Marina, Abu Dhabi.

Hukumu yangu naitoa mapema: kwa injini hii, na kwa kiwango cha nguvu ambacho wateja walio wengi wanakitafuta, sijaona njia bora kuliko hii kwa fedha inayotumika. Hata hivyo gasketi hii ni nzuri kwa kadiri ya kazi iliyofanyika kabla haijatolewa kwenye pakiti yake, na mtu asiyekuwa tayari kuigharamia kazi hiyo heri asiinunue.

2JZ-GTE ni injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,997, kipenyo cha silinda cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86 vilevile. Toyota iliifunga kwenye Supra ya JZA80 na kwenye Aristo, na baadhi ya wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wameijua kupitia Aristo zilizoagizwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na uso wake wa juu umefunga nafasi ya maji kuzunguka silinda, kwa hiyo kuta za silinda zimeshikwa juu na hazina nafasi ya kuyumba. Hedi inashikwa na boliti 14, safu mbili za saba saba, hivyo kila silinda imezungukwa na boliti nne. Huo ni msingi imara sana, na ndio uliowafanya wajenzi wa injini wa Marekani, Japani, Australia na Ghuba waing'ang'anie injini hii miaka mingi baada ya Toyota kuacha kuitengeneza.

Ili kuelewa gasketi inadaiwa nini, hesabu fupi inatosha. Tundu la milimita 87 lina eneo la takriban sentimita za mraba 59. Shinikizo la mwako likifika bar 150, hewa moto iliyomo ndani ya silinda hiyo moja inaisukuma hedi juu kwa nguvu ya zaidi ya tani 9. Stadi nne zinazoizunguka zinapaswa kushinda nguvu hiyo, na juu yake zibakishe mbano wa kutosha wa kuikandamiza gasketi, kwa sababu gasketi isiyokandamizwa haizibi chochote hata ikiwa imetengenezwa kwa madini gani. Stadi za katikati zinahudumia silinda mbili kila moja, lakini silinda jirani haziwaki kwa wakati mmoja, na hiyo ni nafuu. Watu wengi husema kwamba gasketi imeshindwa kuhimili busti (shinikizo la hewa ya turbo), na kwa maoni yangu usemi huo unawapeleka kwenye dawa isiyo yake: katika injini nyingi nilizozifungua, hedi ndiyo iliyonyanyuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, moto ukapita, na gasketi ikaungua kwa sababu iliachwa bila mbano.

Gasketi ya Cometic imejengwa kwa kuzingatia mwendo huo mdogo. Ina matabaka matatu ya chuma cha pua. Matabaka mawili ya nje ni membamba na magumu, yamepigwa matuta kuzunguka tundu la kila silinda na kuzunguka njia za maji na oili, kisha yamepakwa mpira wa aina ya Viton unaostahimili joto. Tabaka la katikati ni bapa, na ndilo linaloamua unene wa gasketi nzima. Hedi ikikazwa, matuta yanalala kiasi lakini hayafi, yanabaki yakisukuma juu na chini. Hedi inapotaka kunyanyuka mwako unapofika kileleni, matuta yanaifuata na kuendelea kuziba. Gasketi za zamani za nyuzi na grafiti hazina uwezo huo wa kurudi, zikishabanwa zimebanwa, na hapo ndipo tofauti ya bei inapohalalishwa. Kwa baadhi ya injini Cometic huuza pia aina iitwayo MLX, yenye tabaka la ziada linaloongeza mbano kuzunguka silinda.

Unene unaweza kuchaguliwa, na uhuru huo ni wa thamani, ila wateja wengi huutumia vibaya. Wanaagiza gasketi nene ili kupunguza mgandamizo (kiasi ambacho pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na mafuta) kabla ya kuongeza busti. Ni kweli kwamba 2JZ yenye mgandamizo wa 8.5 kwa 1 ikiongezewa unene wa milimita 0.7 itashuka hadi karibu 8.1 kwa 1. Lakini nafasi kati ya kingo za pistoni na hedi nayo inapanuka, mchanganyiko wa hewa na mafuta hausukumwi tena vizuri kuelekea kwenye plagi, na injini inaweza kuwa rahisi zaidi kupiga noki (mchanganyiko kulipuka kwa pigo badala ya kuungua kwa mpangilio), jambo lile lile ambalo mteja alikusudia kuliepuka. Mgandamizo unashushwa kwa pistoni, na gasketi inaachwa na unene wa kawaida. Msimamo huu siuachi.

Sasa tufike kwenye uso wenyewe. Cometic inataka ulaini wa Ra (wastani wa mikwaruzo ya uso) ya mikromita 1.27 au laini zaidi, upande wa hedi na upande wa bloku pia. Mpira uliopakwa juu ya matabaka ni mwembamba mno. Unaweza kujaza mikwaruzo midogo ya mashine nzuri, hauwezi kujaza mifereji iliyoachwa na kisu butu. Mteja mmoja alituletea injini iliyokuwa ikitupa maji kwenye tangi la akiba kila gari inapofika mwisho wa mbio, ingawa mjini ilitembea bila tatizo. Hedi ilikuwa imeskimiwa (uso wake kuchongwa uwe bapa) katika karakana moja ya mashine muda si mrefu, na kwa kuitazama kwa haraka iling'aa kama mpya. Tulipoweka tochi chini, mwanga ukiupiga uso kwa ubavu, yalionekana matao yanayofuatana kutoka upande hadi upande, na ukucha ukipitishwa juu yake ulikwama na kuachia, ukakwama na kuachia. Gasketi iliyotolewa ilisimulia yaliyobaki: mpira ulikuwa umeshika kwenye vilele vya mikwaruzo tu, na kati ya silinda ya tatu na njia ya maji iliyo karibu nayo palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwembamba kuliko waya wa umeme wa simu, ambamo moto ulikuwa ukipita. Hedi ilirudishwa kwenye mashine kwingine, ikapitishwa kisu kikali kwa mwendo wa taratibu na kwa kina kidogo, ikafungwa na gasketi mpya ya aina ile ile, kwa stadi zile zile na busti ile ile, na maji hayakutoka tena.

Pamoja na ulaini kuna unyoofu. Huweka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kama fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 inapita popote, kazi inarudi kwenye mashine. Bloku nayo isisahauliwe, kwa sababu mafundi wengi huskimu hedi kwa uangalifu na bloku wakaisugua kwa msasa wa mkono, wakaacha mabonde kati ya silinda ambayo jicho haliyaoni. Na pale silinda zinapochongwa upya, bamba nene la chuma linapaswa kufungwa juu ya bloku kwa stadi zile zile na kwa torki (nguvu ya kukaza) ile ile itakayotumika baadaye. Stadi zikikazwa huvuta chuma cha bloku na kuupinda mduara wa silinda, kwa hiyo silinda iliyochongwa bila bamba hilo huwa duara juu ya meza na kukoma kuwa duara mara hedi inapofungwa.

Stadi za ARP zinastahili sifa sawa na gasketi, pengine zaidi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa California mwaka 1968, imejikita katika jambo hili moja la kubana vyuma, na inaonekana. Boliti ya kawaida inapokazwa hujisokota na kuvutika kwa wakati mmoja, huku hesi zake zikisuguana na hesi za bloku ambazo huenda zina kutu au mabaki ya oili. Stadi hukaa ndani ya bloku ikiwa imeingizwa kwa mkono tu, bila kukazwa kwa nguvu, kisha nati inazungushwa juu yake kwenye hesi nyembamba zilizo safi, na stadi inavutika moja kwa moja. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu tunayoiweka kwenye spana ya torki huliwa na msuguano, na sehemu moja tu ndiyo inayoivuta stadi. Msuguano ukibadilika kidogo kati ya nati moja na nyingine, mbano unabadilika sana, ingawa spana imesoma namba ile ile kote.

Kwa sababu hiyo ARP huweka grisi yake maalumu ndani ya seti, na namba ya torki iliyoandikwa kwenye karatasi inahusu grisi hiyo peke yake. Kutumia oili ya injini badala yake huku ukifuata namba hiyo kunakuachia mbano pungufu. Grisi ipakwe kwenye hesi za juu, ndani ya nati na kwenye washa, na kukaza kufanywe kwa hatua tatu kuanzia katikati ya hedi kwenda nje. Matundu ya bloku yasafishwe mpaka chini na yakaushwe kwa upepo, kwa kuwa maji au oili iliyobaki ndani inaweza kuizuia stadi isifike mwisho, na hata kuipasua bloku. Kwa nguvu kubwa zaidi zipo stadi za chuma kigumu zaidi, na zipo za kipenyo cha nusu inchi zinazohitaji bloku itobolewe na kutiwa hesi upya. Hizo za nusu inchi nazipendekeza kwa gari ya mbio tupu pekee, kwa kuwa ukishatoboa bloku ya 2JZ hakuna kurudi nyuma, na bloku nzuri zinazidi kuadimika.

Jambo ambalo karatasi za maelekezo haziligusi vya kutosha ni joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tukichukua unene wa milimita 100 za hedi zinazobanwa na stadi, injini ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 90, alumini itakuwa imeizidi stadi kwa karibu milimita 0.08, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inageuka kuwa mvuto wa ziada kwenye stadi. Maana yake ni kwamba injini iliyopoa ndiyo yenye mbano mdogo kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye foleni ya kuingia mstarini Sakhir, nyakati za usiku wa baridi, unaweza kuona gari zikimwagiwa barafu kwenye tangi la kupozea hewa ya turbo, jambo ambalo ni sawa kabisa, lakini baadhi ya madereva huizima injini mpaka maji yake nayo yapoe, wakiamini kwamba baridi ni nguvu. Hewa iwe baridi, maji ya hedi yasiwe baridi. Injini zetu hazipewi busti kamili kabla maji hayajafika nyuzi 70, na naamini kanuni hiyo imeokoa gasketi nyingi kuliko chapa yoyote ya stadi.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie gasketi ya shaba nyekundu pamoja na waya wa chuma cha pua uliozama kwenye mfereji kuzunguka silinda. Ni njia ya zamani na yenye nguvu. Injini za Top Fuel, daraja la juu kabisa la mbio za dragi nchini Marekani, zinatumia shaba hadi leo. Waya wenye unene wa takriban milimita 1 hukaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye bloku au kwenye hedi, ukichomoza kidogo, na unaizamisha shaba laini mpaka moto hauna pa kupita. Ila injini ya Top Fuel haina maji ya kupoza, na inafunguliwa kila baada ya mbio. 2JZ ina maji, na shaba haipendani na maji: inahitaji dawa ya kuziba kila tundu la maji na oili, inataka kukazwa tena baada ya kupata moto mara ya kwanza, na hata hivyo inaweza kutoa jasho la maji asubuhi. Faida yake ni kwamba inaweza kupashwa moto mpaka iwe nyekundu, ikapoa ikiwa laini, na kutumika tena. Kwa gari inayoendeshwa pia barabarani, siikubali. Kwa gari ambayo bloku yake imejazwa zege maalumu au imechongwa kutoka kwenye pande moja la alumini, na inayotumia methanoli, njia ya shaba na waya ndiyo yenye haki. Ikumbukwe tu kwamba bloku ikishachongwa mfereji wa waya, gasketi ya matabaka haina tena uso bapa inaouhitaji.

Hakuna gasketi itakayovumilia noki. Mwako wa kawaida hupandisha shinikizo kwa mpangilio. Noki hulipandisha kwa pigo, na pigo hilo huitetemesha hedi mahali pale pale mara nyingi kwa sekunde. Mwenye kuongeza busti bila kuongeza ubora wa mafuta, au bila kurudisha nyuma muda wa cheche, anaulaumu uzibaji kwa kosa la urekebishaji.

Dalili za hedi inayonyanyuka hujitokeza mapema kwa anayezitafuta. Ya kwanza ni shinikizo la maji kupanda ghafla kuelekea mwisho wa mbio na kushuka dereva anapoachia mafuta, na ndiyo maana kila injini tunayoijenga huwekewa kipimo cha shinikizo la maji kinachorekodiwa na kompyuta pamoja na busti na mizunguko. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na kinasema ukweli mapema kuliko kipimo cha joto, ambacho huanza kulalamika maji yakiwa yameshamwagika. Plagi moja iliyooshwa ikawa nyeupe kuliko wenzake ni dalili nyingine, na kupima uvujaji wa kila silinda injini ikiwa moto kutathibitisha ni ipi.

Kwa wanaotaka kuagiza: gasketi na stadi kila kimoja kinazidi dola 100 za Marekani kabla ya nauli na ushuru, na skimu nzuri ya hedi na bloku inaweza kugharimu zaidi ya hizo zote. Pima silinda baada ya kuchongwa, kisha ndipo uagize, kwa kuwa tundu la gasketi linapaswa kuwa kubwa kidogo kuliko silinda pande zote. Ukingo wa chuma unaochungulia ndani ya silinda hushika moto na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Kagua pakiti inapofika, kwa sababu gasketi iliyokunjwa njiani haifai hata ikinyooshwa, na mkwaruzo kwenye mpira wake ni sababu tosha ya kuirudisha. Ifungwe kavu, bila dawa wala rangi ya kupuliza, ila nyuso zote zifutwe kwanza kwa kiyeyushi kisichoacha mafuta. Stadi hutumika tena kama urefu wake haujabadilika, hivyo pima kila moja na uandike kabla ya kuifunga kwa mara ya kwanza. Gasketi naibadilisha kila hedi inapofunguliwa, hata ikionekana nzima, na ile ya zamani naiweka juu ya meza chini ya taa, nikisoma silinda baada ya silinda mahali mpira ulipokandamizwa sawasawa na mahali ulipobaki na mng'aro wa kiwandani.